Visigino Chini

"Mwenzangu, mume ulishamzika miaka mitatu iliyopita, mbona bado unanyata humo ndani kama mwizi?"

Jirani wa mlango wa pili aliniuliza hivyo huku anaanika nguo, anacheka. Nami nikacheka. Niliporudi ndani nikaitazama miguu yangu: kweli, natembelea vidole, visigino viko juu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akapita na beseni la maji. Naye ameanza kuviinua.

Kicheko kikakatika.

Mwanangu amerithi mkono wa baba yake. Mwezi ule alikuwa amembamiza mkewe ukutani hadi nyusi ikapasuka. Niliinuka kuwaamulia, vigimbi vikakaza kama mbao, nikaanguka mzima mzima kama gunia. Akamaliza kwanza kumpiga, ndipo akaninyanyua kwa adabu zote: "Pole, mama." Tangu siku ile sala yangu ikawa moja tu, Mungu anijalie kusimama kati yao.

Nikaenda kwa mkandaji. Mama huyu alisomea kukanda viungo, halafu akaongeza ushauri nasaha, na kazi zote mbili anazifanyia kwenye kitanda kimoja. Ana mafuta, taulo, na vidole kama koleo. Alipozamisha dole gumba kwenye kigimbi nilipiga ukelele.

"Mguu huu unamwogopa nani, mama?"

"Haumwogopi mtu. Marehemu, Mungu amlaze pema, alikuwa mlinzi wa usiku. Mchana alilala, basi tulitembea taratibu; aliyekanyaga kwa visigino humo ndani ni yeye peke yake."

"Alale pema. Na mlipomwamsha?"

Akakandamiza tena, na maneno yakatoka yenyewe. Siku moja mfuniko wa sufuria ulinidondoka. Mume akatoka chumbani na rungu la kazini. Jino likaenda na pigo la kwanza. Kisha akaniangusha kifudifudi, akanikalia mapajani, akanipiga nyayo kama mtu anayetwanga. "Nitakufundisha kutembea!" Damu ilichuruzika katikati ya vidole. Mwanangu, wakati huo wa miaka sita, alikuwa chini ya meza ameziba masikio.

"Ulitaka kumwambia nini siku ile?"

"Sitaki kumsema marehemu."

"Usimseme. Usemee mguu."

Nililia hadi taulo likalowa. Ndipo nikasema, "Hata mimi naishi humu."

"Haya, shuka. Kanyaga sakafu, useme tena."

Tulifanya hivyo kila Jumanne. Ilikuwa kama kung'olewa misumari. Siku moja nilimpiga teke la kifua, akakaa chini, akahema, akasema, "Nayo ni dawa hiyo, mama, ila uliyempiga siye uliyemlenga." Jumanne ya saba kisigino cha kulia kikagusa sakafu. Ya tisa, na cha kushoto.

Jumanne hiyo ya tisa nilirudi nyumbani adhuhuri. Nikiwa mlangoni nikasikia, "Nisamehe, sirudii!" kisha chuma cha mkanda kikitua kwenye nyama. Mara mbili. Mara tatu.

Sikuvua viatu. Nilipita ujia wote nakanyaga, ti! ti! ti! Mkanda ukanyamaza.

Nikasukuma mlango. Mkwe wangu alikuwa sakafuni, mdomo umejaa damu. Na mwanangu, mwanamume wa kilo tisini, amejibana kwenye kona, mkanda umemponyoka, mikono yote miwili masikioni.

"Nilidhani ni baba," akanong'ona.

"Baba yako yuko kaburini. Ni mimi. Hata mimi naishi humu. Na huyu anaishi humu. Ukitaka kumgusa tena, anza na mimi, na leo sianguki."

Nikasimama kati yao. Visigino vilibaki chini. Nyuma yangu mkwe alinishika upindo wa gauni.

Mwanangu aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akapita kando yangu kwa ncha za vidole, akatoka.