Sifuri ya Mnara

Darasani walimwita Mnara, na si kwa kumsifu. Msichana wa miaka kumi na minne akikalishwa na watoto wa kumi na mmoja, magoti yanagonga dawati, utamwitaje? Familia yake ilikuwa imehamia nchi hii bila vyeti vyake vya shule, na shuleni, pasipo vyeti maneno hayasikilizwi. Aliahidiwa jambo moja tu: akifaulu mtihani wa hesabu, atapandishwa kwa wenzake wa rika lake. Akifeli, atabaki hapo mwaka mzima, na magoti yake.

Jirani yake wa dawati alikuwa Mkongwe, msichana wa umri wake, mzaliwa wa mtaa huohuo, aliyerudia darasa mara tatu kwa sababu ya kugawanya. Mizaha alikuwa nayo ya kutosha kuficha aibu. Asubuhi moja mshauri wa wanafunzi alipowagawia dodoso la kujiamini, Mkongwe aliisoma sentensi ya saba kwa sauti, "Nikijitahidi, naweza kutatua tatizo gumu," akatia alama ya penseli penye "Si kweli" hata bila kukaa vizuri.

"Mimi na kugawanya ni paka na panya," alisema. "Na panya ni mimi."

Mnara aliiacha ya saba wazi. Alikuwa anangoja majibu ya mtihani.

Yakaja saa nne: sifuri. Majibu yote kumi yalikuwa sahihi, lakini mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Njia iko wapi? Umenakili."

Shule aliyotoka, mtu alizidisha na kutoa kichwani, akaandika mabaki tu. Anayejaza ukurasa kwa tarakimu alichekwa kuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa jibu lisilo na njia huhesabiwa la wizi.

Nyumbani alimwambia mama yake kuwa afadhali aache shule, wakapige pasi mashuka ya hoteli pamoja. Mama hakuinua macho kwenye pasi.

"Ulinakili?"

"Hapana, mama!"

"Sasa mbona unanililia mimi? Anayekimbia ni mwizi. Kesho kahesabu mbele ya macho yake. Na uchane nywele."

Kesho yake Mnara aliinua mkono kabla mwalimu hajaketi. 

"Mwalimu, sikunakili. Nipe hesabu yoyote, hapohapo ubaoni."

Mwalimu, mtu mkali lakini si dhalimu, aliandika 9,135 kugawanya kwa 35. Mnara akashika chaki, akaihamishia 35 upande wa kulia, kama walivyofanya shule aliyotoka, akaanza kukisema kwa sauti kila alichokifanya kichwani.

"Thelathini na tano katika tisini na moja, mara mbili. Ni sabini. Inabaki ishirini na moja." Akaandika 21, akashusha 3. "Katika mia mbili kumi na tatu, mara sita. Inabaki tatu." Akashusha 5. "Mara moja. Imekwisha."

Jibu lilikuwa 261. Mwalimu akalizidisha mwenyewe pembeni, akakohoa, akampa nyingine ngumu zaidi, kisha nyingine. Zote zikalala.

"Nimekosea," alisema mbele ya darasa zima, na mwalimu kukiri si jambo dogo. "Kesho unapanda. Ila huko juu andika kila hatua, tafadhali, usitugombanishe tena."

Mnara alifurahi hadi akasahau kukunja magoti alipoketi. Pembeni yake Mkongwe alikuwa ameinamia daftari, ulimi nje, tarakimu ya kugawanyia ameiweka kulia.

"Mbona huku hatua ni chache?" alinong'ona. "Mimi ule msururu ndio unanipoteza. Sasa nimefika arobaini na nane, nimekwama. Niambie bwana!"

"Sikuambii. Ishirini na nne zimo ngapi humo?"

Mkongwe akahesabu kwa vidole, akarudia, akahakikisha. "Mbili! Haikubaki kitu! Jamani, kweli mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mshauri akaingia kukusanya madodoso. Mnara akatia alama kwenye sentensi ya saba, penye "Kweli kabisa", akakabidhi. Mkongwe hakuiachia karatasi yake.

"Subiri kidogo, mwalimu," alisema, bila mzaha safari hii. Kisha akamgeukia Mnara. "Una ufutio?"