Jibu Chini ya Kadi

Marlys Engebretson alianza kumchukia Kalia Xiong siku ile Kalia alipoleta supu ofisini na kila mtu akaomba aongezwe. Miaka ishirini na miwili Marlys alikuwa akileta keki za ndimu, na hakuna aliyewahi kuomba kipande cha pili. Ukisema hiyo si sababu ya kumchukia mtu, basi wewe hujawahi kuona gere, na Mungu akuhifadhi hivyo hivyo.

Kazi yao ilikuwa moja: kuwashawishi wabunge wa Minnesota kwa niaba ya Umoja wa Wenye Majengo ya Biashara, watu wa maghorofa ya ofisi na safu za maduka. Serikali ikitaka kupandisha kodi ya majengo, Marlys ndiye aliyepanda ngazi za bunge pale Saint Paul kwenda kuizima. Wabunge aliwajua mpaka majina ya mbwa wao. Curtis Dahlby, mkuu wa Umoja, alikuwa anastaafu mwezi wa Juni, na Marlys alikuwa ameshachagua moyoni rangi ya kupaka ofisi yake.

Machi ukaja muswada wa kutoza kodi ya ziada duka lolote litakaloachwa tupu zaidi ya mwaka. Curtis akawaita wote wawili.

"Kamati ya kodi inasikiliza mashahidi Alhamisi," alisema. "Mbele atakaa Kalia."

"Kalia? Huyu ana mwaka mmoja tu hapa!"

"Mama yake anauza nguo kwenye duka la kupanga. Maseneta wamechoka kusikia vilio vya wenye maghorofa, Marlys. Wewe kaa nyuma yake, umsaidie. Akifanya vizuri, bodi itajua la kufanya Juni."

"Sawa tu," alisema Marlys, na kwa watu wa kule hakuna tusi zito kama "sawa tu".

Roho ilimuuma. Ilimuuma akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, ilimuuma akipiga mswaki. Na Kalia mwenyewe hakumrahisishia kazi ya kumchukia, maana kila jioni alikuja mezani kwake na daftari.

"Dada Marlys, hapa nisemeje?"

"Sema kama ulivyoandika, mwanangu," Marlys alijibu, na hilo "mwanangu" lilikuwa na meno.

Sasa, maswali ya kamati hayashuki kutoka mbinguni. Mshawishi humwandikia seneta rafiki swali kwenye kadi, seneta akalisoma kana kwamba limemjia usingizini, na shahidi akalijibu kwa ufasaha. Chini ya swali huandikwa na jibu lake, ili seneta asije akashtukizwa mbele za watu. Seneta Roald Haugen, mwenyekiti wa kamati, aliziamini kadi za Marlys kiasi cha kuzisoma bila kuzipitia kwanza.

Na Marlys alikuwa na siri. Mwaka uliopita aliwauliza wanachama wa Umoja, kimyakimya, ni maduka yao mangapi matupu yaliyoombwa na wapangaji yakanyimwa. Mwenye jengo akishusha pango, benki nayo hushusha thamani ya jengo lake, kwa hiyo wengi huona afadhali duka lijae vumbi kuliko kumpa mtu kwa bei ya chini. Matokeo yalikuwa mabaya. Curtis akayafungia kabatini, na Kalia hakuonyeshwa.

Asubuhi ya Alhamisi, kwenye mkahawa wa chini ya bunge, Marlys alitoa kadi akaandika swali hilohilo. Hakutaka muswada upite, la. Alitaka kitu kidogo tu: binti agugumize, aseme hajui, uso umwive, na Curtis aone. Mengine angeyatengeneza mwenyewe baadaye, mlango kwa mlango, kama siku zote. Kalamu ilikwenda mbio kwa mazoea ya miaka, na kahawa haijapoa alikuwa ameshamkabidhi Haugen kadi karibu na lifti.

"Ya mtoto wako huyo?" Haugen alimtania.

"Ya kumng'arisha," alisema Marlys.

Kalia alisema vizuri. Alisema vizuri mno, hata Marlys akakunja vidole ndani ya viatu. Alieleza jinsi mwenye jengo alivyolishikilia duka tupu miezi kumi na minne akimngoja mama yake apate mkopo, badala ya kumpa tajiri wa kwanza aliyebisha hodi. "Kodi hii ingekuwepo," alisema, "asingetungoja." Seneta mmoja aliyekuwa upande wa muswada akaweka kalamu chini. Marlys akahesabu kura kichwani: tano kwa nne, muswada umekufa. Kutikisa kichwa tu kungetosha Haugen aiache ile kadi. Hakutikisa.

"Bibi Xiong," Haugen alisoma, "kati ya maduka matupu ya wanachama wenu, ni mangapi yaliyoombwa na wapangaji yakanyimwa?"

Alipomaliza, macho yake yakateremka mpaka mwisho wa kadi, yakabaki huko.

"Bwana Mwenyekiti, hesabu hiyo sina," alisema Kalia bila kugugumiza. "Ila aliyenifundisha kazi hii yuko hapa nyuma yangu. Hakuna mtu jimboni anayeyajua majengo haya kama yeye. Naomba aje akujibu." Akainuka, akamvutia Marlys kiti.

Marlys akaketi, akataja jina lake liingie kwenye kumbukumbu. Alikuwa amekwisha fungua mdomo kusema kwamba idadi kamili haijulikani, ndipo akaona kidole gumba cha Haugen kimelala chini kabisa ya kadi. Jibu lilikuwa pale. Mkono wake ulikuwa umeliandika wenyewe, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba bila kufikiri.

Maseneta husamehe mengi, hata ulevi. Mshawishi aliyewadanganya kwenye kiti kile harudi tena.

"Maduka matupu ni mia moja na arobaini," alisema Marlys. "Sitini na matatu yaliombwa, yakanyimwa."

Yule seneta akaiokota kalamu yake. Muswada ukapita, tano kwa nne.

Nje kwenye ukumbi Curtis alimpita kama anavyopita mtu nguzo. Haugen akaja, akamrudishia kadi mbele ya Kalia.

"Chukua. Usiniletee nyingine, Marlys."

Mwandiko ule Kalia aliujua. Alikuwa ameusoma mwaka mzima pembezoni mwa daftari lake.

"Kalia, mwanangu..."

"Usiniite hivyo." Sauti yake haikupanda. "Leo asubuhi nimetapika kwa woga. Ungeniambia tu kwamba unakitaka kile kiti cha shahidi, dada. Ningekupa, na asante juu."

Marlys alitafuta neno la kuomba radhi, akalipata, likawa ulimini kabisa. Lakini Kalia alikuwa amesimama wima, macho makavu, hasira yake imetulia, na Marlys akawaza kwamba yeye, katika umri ule, angelia. Hata hilo akamwonea wivu. Akalimeza neno lake, akaenda kutafuta koti.