Fukusi Kinywani mwa Patroba

Itangazwe kwa mataifa yote mawili yanayopakana mjini Busia, kwa maaskofu, wakubwa wa forodha na wafagia soko, kwamba mwaka 1966 janga kuu liliikumba Afrika Mashariki. Janga lenyewe lilikuwa fukusi, wadudu watoboao nafaka, tena katika duka moja.

Duka hilo lilikuwa la Patroba Odwori. Asubuhi moja alisimama mlangoni na pampu ya dawa, akimtazama jirani yake Norah Apio, mjane kutoka Nabuyoga, akianua mahindi juani. Norah alichukua punje, akaiuma. Ililia kama kokoto. Akaridhika, akaanza kujaza magunia.

Stoo ya Norah haikuwa na fukusi. Maharage aliyachanganya na jivu lililochekechwa. Magunia aliyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Matundu aliyaziba kwa udongo wenye vipande vya chupa, na madirishani alipigilia wavu. Sumu yake ya mwaka mzima ingeenea kwenye kifuniko cha soda, na hiyo ilikuwa ya panya mmoja mkaidi. Kwa hiyo kila muhula lori la shule ya bweni ya Tororo lilipakia kwake. Patroba alilitaka lori hilo kuliko alivyoitaka mbingu.

Alipiga DDT mpaka wateja wakapiga chafya. Paka akafa. Mijusi wakadondoka ukutani. Fukusi wakaongezeka.

"Baba Truphena," Norah alimwita, "polisi umewaua wote, wezi umewaacha."

"Unajidai nini, Mama Peninah? Jivu tu ndilo limekuvimbisha kichwa hivyo?"

Fukusi kadhaa walitoka mdomoni mwa Patroba, wakashuka kidevuni, wakaelekea gunia lililokuwa karibu.

Norah aliwasindikiza kwa macho. "Kumbe ni huko. Basi weka pampu chini. Tundu kwanza."

Ikajulikana mjini kwamba Patroba hutoa fukusi kila amsemapo Norah. Akiwasema wengine, hakitoki kitu. Mchungaji alimshauri ajaribu kumsifu. Walitoka wengi zaidi.

Muhula ulipokaribia, Patroba alifumba mdomo na kuiga. Alianika, akachekecha, akaziba, akainua magunia juu ya mbao. Cornelius Okurut, mnunuzi wa shule, aliingiza mkono guniani hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaukagua. Hapakuwa na mdudu wala harufu ya dawa.

"Safi, mzee. Muhula huu lori litakuja kwako. Niambie tu, nani alikufundisha?"

Lilihitajika jina moja.

"Hakuna mtu!" Patroba alifoka. "Yule mwanamke anifunze nini?"

Walimwagika mpaka wakafunika viatu vya Okurut. Okurut alikung'uta soksi, akaaga kwa adabu, akaenda kupiga hodi kwa Norah.

Jioni ile Norah alikata kipande cha wavu uliobaki alipopigilia madirishani, akakitia kamba mbili, akampelekea jirani yake. Patroba hukivaa mdomoni hadi leo, hukivua akila na akipokea sakramenti. Stoo yake haina mdudu. Kuku wa mtaa mzima humfuata kila aendako, na hakuna anayeona ajabu. Lori likija, hupakia kwa Norah, naye husimama mlangoni, mashavu yamemjaa, akihesabu magunia yasiyo yake.

Mwandishi wa taarifa hii hana upande wowote. Ameiandika kwa utulivu katika bweni la wasichana, Tororo. Leo ni siku ya wazazi, na Norah amekuja kumwona bintiye Peninah, ambaye shule nzima humshukuru kwa maharage yasiyotembea. Amepita kitandani kwa mwandishi.

"Truphena, mwanangu, hujambo?"

Mwandishi ameinamisha kichwa kwa heshima.

"Mbona salamu haitoki? Hebu fumbua mdomo."

Haya, ni mimi. Patroba ni baba yangu. Peninah analala kitanda cha juu ya changu, na kila anaposhukuriwa mezani nasikia miguu midogo nyuma ya meno. Mlidhani kwa nini nimeiandika hadithi hii, badala ya kuisimulia?