Uso wa Rais Kwenye Kamba ya Nguo

Jumamosi asubuhi Efelida Chikopa alifua shuka mbili, taulo na kitenge cha chama chenye uso wa Rais, akavianika kwenye kamba kati ya jiko na mpapai. Rais alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Kitenge kilipoanza kukauka, uso ukakohoa na kuomba usogezwe kivulini.

Efelida akausogeza. Kisha akauliza mumewe alipelekwa wapi.

Mumewe, Laison, alikuwa fundi cherehani. Mwaka Rais alipotimiza miaka ishirini madarakani, wanawake waligawiwa vitenge wakamchezee uwanjani. Kitambaa cha mke wa mwenyekiti wa chama kilikuwa kifupi, na mwenyewe alikuwa mnene. Laison alikigeuza huku na huku, mwishowe uso ukaangukia pale mtu anapokalia. Mama yule alicheza, akachoka, akaketi. Laison alichukuliwa kabla ngoma haijaisha, na hakuonekana tena.

"Fundi yupi?" uso ukauliza. "Mafundi walikuwa wengi. Ile barabara ya ziwani bado mnaitumia?"

"Tunaitumia, Baba. Laison Chikopa."

Uso ukaeleza habari za barabara na ghala la mahindi, kisha ukaimba wimbo ambao akina mama waliuimba siku moja ya mvua. Haukukosea hata neno.

Wifi yake, Falesi, alikuja na ungo wa mahindi, akasikiliza kidogo.

"Mrudishe juani, wifi. Nyimbo anazikumbuka, kaka yangu hamkumbuki. Aungue kidogo."

"Mwache. Akichujuka nitamuuliza nani?"

Kufikia adhuhuri wanawake kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni mbele ya kamba, kila mmoja na jina la mtu wake. Uso uliwapokea kwa upole, ukawauliza kama bado wanacheza. Kati ya majina yote haukulitambua hata moja. Wakapiga magoti kuaga, kwa mazoea, wakaenda kusonga nsima, ugali wa mchana.

Umande ulipoanza kushuka Efelida alianua nguo. Kitenge alikikunja uso ukiwa juu, upate kupumua. Kisha akasali. Alianza na Rais, akamwombea pumziko la milele, kwa kuwa kifo chake kilijulikana na kaburi lake lilikuwa na uzio. Alipofika kwa Laison hakujua, kama kila jioni, amwombee kama msafiri au kama marehemu. Akasali sala zote mbili, akaanza na ya msafiri.