Aliyelia Badala ya Mbwa

Simbilisi walinyamaza. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Wanyama wale wadogo wa kitoweo tunaowafuga jikoni hawajui kunyamaza: ukiwatupia majani wanapiga kelele, usipowatupia wanapiga zaidi. Asubuhi ile walikuwa wamejibana nyuma ya jiwe la kusagia, wakitetemeka.

"Wana nini hao?" mama mkwe aliniuliza.

Nikainua mabega.

"Leonor, kwenu hamkupewa ulimi, au mliuuza sokoni Arekipa?"

Nilikuwa katika mwaka wa kujaribiwa. Kwetu milimani msichana hukaa kwanza na mchumba wake nyumbani kwa wazazi wa mchumba. Mwaka ukiisha, mama wa kijana ndiye mwenye neno. Akisema abaki, wanakwenda kwa padre. Akisema arudi, msichana anafunga mzigo wake na kurudi kwao, wala hachekwi. Neno juu yangu lilingoja Pasaka ipite. Nilitaka kubaki, na kijiji kizima kilijua kwamba Mama Costanza, mama mkwe wangu, hapendi mabubu, nami ni mtu wa maneno machache.

Jumatano padre alikuwa ametupaka majivu kwenye paji la uso, Kwaresima ikaanza. Jumamosi ile ardhi ikatikisika, kisha ikaja ngurumo nzito, na nyingine juu yake.

Jirani yetu, mzee Paskwali, akachungulia juu ya ukuta. "Costanza! Umesikia mizinga? Wale maharamia wa Kiholanzi! Wanapigana na meli za mfalme!"

"Bahari iko wapi na wewe uko wapi? Mkeo akikuita kulima husikii, leo unasikia meli?"

Mzee alicheka. Alikuwa bado anacheka majivu yalipoanza kushuka, meupe na laini kama unga, na kicheko kikamwishia mdomoni. Haikuwa mizinga; ulikuwa mlima wa moto uliolipuka, upande wa macheo. Kabla ya chakula cha mchana hatukuweza kuonana uani.

Gaspar, mchumba wangu, alikuwa njiani na lama zetu wa mizigo, akirudi kutoka mjini alikopeleka viazi vikavu.

Mama mkwe hakumtaja. Alipanda juu ya paa na ufagio, nami nikapanda nyuma yake, tukafagia majivu yasije yakaangusha nyasi na miti juu ya vichwa vyetu. Nilipoanza kukohoa, alivua shali yake, akailowesha, akanifunga puani na mdomoni. "Kwako ni sawa tu," alisema. "Huo mdomo huutumii." Yeye akabaki uso wazi, akikohoa.

Tuliposhuka alinipa mahindi yote ya kukaanga yaliyobaki. Alisema meno yanamuuma. Jana yake nilimwona akivunja mfupa kwa meno hayo hayo.

Giza lilipokuwa zito, kijiji kikaanza kuwapiga mbwa. Ndivyo tufanyavyo jua au mwezi unapofichwa: mbwa hulia, na mbingu humhurumia asiye na kosa na kurudisha nuru. Kila ua ulilia. Mama mkwe akamfunga Puka, mbwa wetu mzee, akanipa fimbo.

"Piga."

Puka alinitazama, akatikisa mkia. Alidhani tunacheza. Mkono wangu haukuinuka.

"Piga, mwanangu! Gaspar yuko nje!"

Nikatikisa kichwa.

"Basi lia wewe badala yake!" alinifokea. Nadhani alitaka tu kuniumiza.

Nikalia. Nilivuta ile shali chini, nikafungua mdomo, na sauti ikatoka ambayo hata mimi sikuwahi kukutana nayo. Niliita mbingu, nikaita mlima, nikamwita Gaspar, nikaimba wimbo wa kuchungia lama, nikaurudia na kuurudia. Mama mkwe akanishika mkono, naye akalia pamoja nami, hakuuachia.

Kengele ya lama ndiyo iliyosikika kwanza. Halafu akatokea mtu mweupe kuanzia nywele hadi vidole, akamwangukia mama yake.

"Mbwa walikuwa wanalia kila upande," Gaspar alisema alipopata pumzi. "Sikujua kijiji kinaanzia wapi wala nyumba yetu ni ipi. Ndipo nikasikia mmoja anaimba. Nikasema, hakuna mbwa anayeimba vibaya hivyo, huyo ni mtu. Mama, ulikuwa wewe?"

"Mimi? Huyu hapa, bubu wako."

Gaspar alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu, akimkumbatia Puka.

Mwaka ule hatukuvuna kitu. Lama walikufa kwa kukosa malisho, na Pasaka ikapita bila ngoma. Wazee walipokaa kulisikia neno lake juu yangu, Mama Costanza hakungoja wamalize kutafuna majani yao ya koka. "Anabaki," alisema. Akanigeukia. "Au wewe hutaki? Nyumba yenyewe sasa ni majivu na kikongwe mwenye kikohozi."

Niliitikia kwa kichwa tu. Watu wakacheka: kumbe bubu karudi! Naye akacheka, akikohoa.

Kikohozi hicho kimemchukua. Leo nimefagia kaburi lake, maana upepo bado hutuletea vumbi lile jeupe. Hakuna anayenisikia ila Puka.

Mama, siku ile, hata kama Gaspar asingerudi, mimi ningebaki na wewe.