Papa Aliyevua Pete

Gaudiosa alikuwa amemaliza kunyoa shavu la kulia Mzee Félix alipoanza kucheka ndani ya povu.

"Usicheke, Mwalimu, nitakukata."

"Namcheka Papa," alisema mzee. Kiharusi kilikuwa kimemwachia ulimi mzito, uliokwama alipoharakishwa. Zamani alifundisha historia Bukavu. Sasa mwanafunzi wake alikuwa mama huyu wa Bukoba, aliyekuja kila asubuhi kumhudumia katika gorofa yake ya Vårby gård, huku ughaibuni. "Makardinali walivutana zaidi ya miaka miwili. Mwisho wakamtoa mtawa mzee mlimani, Selestini wa Tano. Unajua kwa nini?"

"Kwa utakatifu wake."

"Na kwa upole wake. Mfalme wa Napoli akamweka karibu, akawa anatawala kwa kinywa chake. Maskini akajengewa kibanda cha mbao ndani ya jumba la mfalme, apate pa kusali."

Gaudiosa akapitisha wembe polepole chini ya kidevu. Jumuiya yao ya kanisani nayo, Wakenya na Watanzania waliposhindwa kuelewana, ilimchagua Mkongo huyu mpole awe mwenyekiti. Hata Gaudiosa alinyoosha mkono kumpigia kura.

Kengele ikalia. Aliingia Mashauri, katibu wa jumuiya.

"Mwenyekiti wetu! Tumeamua uendelee. Kazi nitafanya mimi, wewe uwepo tu."

Midomo ya mzee ikatetemeka. "Mi..."

"Amekubali," alisema Mashauri.

Gaudiosa akaweka wembe chini. Mashauri ndiye aliyemtafutia kazi hii.

"Kaka Mashauri, hajamaliza. Tumsubiri."

Akaushika mkono wa mzee. Wakasubiri, mpaka Mashauri akaanza kutazama mlango.

"Mi nachoka," mzee alisema hatimaye. "Naacha. Voilà."

Mashauri alimuaga mzee, akampita Gaudiosa bila kumuaga, akatoka.

Gaudiosa alimfuta mzee uso kwa taulo ya moto. "Papa yule aliishia wapi?"

"Alivua pete, akaketi sakafuni mbele ya makardinali wote. Alitaka kurudi mlimani kwake. Aliyemrithi akamfungia ngomeni, akafia humo."

"Ameshaacha, wakamfungia kwa nini?"

"Waliogopa watu watamfuata." Akamtazama. "Jumapili kanisani, utamwogopa Mashauri?"

"Kidogo."

"Kaa, Mama."

Kulikuwa na mgonjwa mwingine akimngoja kitongoji cha jirani, Fittja. Gaudiosa akavua mifuko ya plastiki iliyofunika viatu vyake, akavua na viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nje, theluji ilikuwa imeanza kujaa kwenye bembea za watoto, na wote wawili wakaitazama.