Mabomba Mapya ya Kupanda Ngomo

Watu wa mtaa wa Muhumba walilicheka gari lile jekundu la mbio tangu siku Jean-Baptiste alipolileta: tumbo chini mno kwa barabara zetu, viti viwili tu, na kelele nyingi kuliko mwendo. Sasa mwenyewe amezikwa kwao Kamanyola, na kesho ni misa ya kuondoa matanga. Domitille, mjane wake, mfanyakazi wa ofisini, alikuwa ameapa kwenda na gari hilohilo na kurudi nalo.

Fundi Cirhuza alifungua boneti, akaminya mabomba ya mpira yanayopeleka maji kwenye radieta. Yalikuwa yamevimba, yamezungushiwa vipande vya mpira wa gurudumu, fundo juu ya fundo.

"Maman, hizi tuyo zimeoza. Kushuka, utashuka. Lakini kupanda mulima ya Ngomo, moteri itaungua."

"Usikate! Ni yeye alizifunga na mikono yake."

Nguo za marehemu ndugu walishagawana. Kazi ya mikono yake ilibaki hapo tu, chini ya boneti. Domitille aliona heri apande basi, na papo hapo akaona aibu kuliacha gari nyumbani siku ya misa yake.

Cirhuza alijifuta mikono taratibu. "Mimi nilimuambia tubadilishe, zamani. Akakatala. Akasema: 'Cirhuza, kule Ngomo tukisimama maji ipoe, ndiyo bibi yangu anaachaka kazi za biro, anaongea na mimi.'"

"Mujinga yule!" Domitille alifoka, machozi yakimtoka. "Si angeniambia?"

Akanyoosha mkono apewe kisu, akakata mwenyewe. Mafundo yalikuwa magumu, nayo yaliuma kuyakata.

Cirhuza alivalisha mabomba mapya, akakaza vibanio vyake, akajaza maji ya radieta na kuwasha injini. "Shika hii ya chini. Ikipata moto, maji inatembea." Domitille aliishika mpaka joto likafika.

Kesho yake misa ilisomwa, na nguo nyeusi zikavuliwa. Wakati wa kurudi, Ngomo yote, mshale wa joto haukutikisika. Gari halikutaka hata tone la maji. Katikati ya mlima Domitille akasimama kando, akafungua boneti ili wapita njia wadhani injini inapoa. Kisha akaketi juu ya jiwe, akaanza kumsimulia Jean-Baptiste habari za ofisini, tangu mwanzo.